Nzi Waliorudi Wazima

Katika familia yetu vipaji viligawiwa kwa upendeleo. Mimi nilipewa ulimi, mdogo wangu akapewa vidole, na aliyegawa hakurudi kuuliza kama tumeridhika. Mimi niliridhika. Shule niliiacha mapema, kabla yenyewe haijapata nafasi ya kuniacha, lakini hadi leo nikianza kusimulia jambo, watu husogeza viti. Mdogo wangu hata salamu humtoka kwa kupima. Ila mpe uzi, kisha unyamaze utazame.

Mtaani wanamwita Mama Zipu. Kibanda chake kiko chini ya jengo la maduka, katikati ya mchonga funguo na muuza betri, na ni chembamba hivi kwamba mteja mnene huhudumiwa akiwa nje. Anatengeneza zipu: za mabegi, za majaketi, za sketi, za mahema. Mafundi wengine zipu ikigoma huing'oa na kukuwekea mpya. Yeye huivuta juu na chini taratibu, kichwa ameinamisha, kama mtu anayesikiliza umbea nyuma ya mlango, halafu anakwambia ni jino lipi limelegea. Nimejaribu na mimi kusikiliza zipu. Nilisikia zipu.

Mume pia alimpata kwa zipu. Alikuja fundi wa mafriji, kijana mrefu mwenye aibu, na jaketi lake la kuvulia samaki lililogoma kufunga. Mfukoni alikuwa amesahau nzi wa bandia, aliyenyofoka manyoya, anatia huruma. Mdogo wangu hakuwahi kuona kitu kama kile. Akamfungua uzi wote kwa ncha ya sindano, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka ikabaki ndoana tupu, kisha akamfunga upya, vizuri zaidi. Yule kijana alipokuja kuchukua jaketi aliomba radhi kwa kuacha takataka mfukoni. Wiki iliyofuata alirudi. Zipu ilikuwa nzima, akashindwa kusema kilichomleta, akasimama pale akiifunga na kuifungua mpaka mchonga funguo akaona haya kwa niaba yake. Nzi yule alikuwa amemletea trauti wengi kuliko alivyowahi kupata maishani. Mimi ndiye niliyemwambia mdogo wangu kwamba mwanamume wa namna ile haongei, kwa hiyo asimsubiri aongee. Ndoa ile ni kazi yangu, ingawa kwenye sherehe hakuna aliyenitaja.

Kwa asiyemjua, trauti ni samaki wa maji ya baridi, wa mito ya juu milimani, mwenye madoadoa na maringo. Kule wanakovua hairuhusiwi kutumia mnyoo. Unatumia nzi: ndoana ndogo iliyozungushiwa uzi, unyoya na nywele kidogo mpaka ifanane na mdudu wa mtoni. Unamrusha kwa ufito mrefu unaonesa, na inabidi atue majini kama aliyeamua mwenyewe kutua. Akitua kama jiwe, samaki anakwenda kwao.

Safari ilikuwa moja kwa mwaka, mvua zikishakwisha na mto ukasafika. Walikwenda shemeji yangu, kinyozi wa mtaani kwetu, na nesi mstaafu, mama mwenye mkono mzito na sauti iliyozoea kuamsha wodi nzima. Na mimi nilikwenda, kabla goti langu la kulia halijagombana na mawe ya mto. Mama Zipu hakwenda hata mara moja. Hapendi baridi, hapendi kulala kwenye hema, na kibanda hakina wa kumwachia. Lakini hakuna aliyekuwamo katika safari ile kuliko yeye.

Ndiye aliyefunga nzi wa wote. Kabla ya safari kila mmoja alikuja kukaa kwenye meza yake sebuleni, pale alipofungia jiriwa ndogo ya kubana ndoana, na yeye akakuuliza maswali. Si ya samaki. Umelalaje siku hizi, una haraka gani, umegombana na nani. Kisha anachagua. Kinyozi, asiyeweza kungoja hata chai ipoe, alipewa nzi wazito wanaozama upesi kabla hajawavuta. Nesi, aliyengoja wagonjwa maisha yake yote, alipewa wale wepesi wa kuelea, wenye unyoya wa shingo ya jogoo. Jogoo alikuwa wangu, niseme hivyo, na kila msimu shingo yake ilibaki wazi, akawa anawika akiwa amewapa kuku mgongo. Shemeji alipewa wa kijivu, wasioonekana, kama yeye. Mimi nikafungiwa mkubwa, mwekundu, anayemetameta. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Kaka, wewe huvui samaki, unavua macho ya watu."

Wakirudi, kabla mtu hajafungua mdomo kujisifu, nzi wote waliwekwa kwenye sahani nyeupe ya bati mbele yake. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yake. Meno ya trauti ni madogo kama ya kitana cha chawa. Hukata uzi mmoja huku na mwingine kule, zaidi upande wa tumbo, na huuvunja unyoya bila kuukata. Nzi aliyegonga jiwe hubutuka ncha. Aliyenasa mtini hunyooka ndoana anapovutwa kwa hasira. Basi Mama Zipu aliwachukua mmoja mmoja akakusomea safari yako mbele ya watu: hapa ulimkosa, hapa alikushika ukalegeza mshipi mapema, huyu alikuwa mkubwa. Mwaka mmoja nilikuwa nimeshapanua mikono kuonyesha urefu wa samaki wangu. Akamgeuza yule mwekundu mara moja tu. "Kaka, huyu amekula mti." Nesi alicheka mpaka akashika ukuta.

Baadaye hadithi hizo alizichukua kibandani. Mteja akiketi kungoja zipu, anasimuliwa trauti: alikuwa chini ya jiwe gani, alitokaje, maji yalikuwa na rangi gani. Yeye, wa maneno ya kupima, kwa samaki alifungua ghala. Watu waliondoka wakidhani ni mvuvi.

Halafu macho yakaanza. Ilianza na uzi wa kahawia aliouona mweusi, akalaumu duka. Ikafuata sindano, akalaumu tundu. Mimi ndiye niliyempeleka kwa daktari wa macho, kwa sababu mumewe alikuwa kazini na kwa sababu hakutaka mumewe ajue. Tuliambiwa ni katikati ya jicho kunakofifia. Pembeni kutabaki, na miwani haitasaidia. Akimtazama mtu, uso unazama kwenye ukungu na masikio yanabaki. Nikamwambia kwa sura ya shemeji amepata nafuu, maana masikio ndiyo afadhali. Alicheka pale kwenye kochi la hospitali, akacheka tena, na kicheko kilipokwisha aliniomba niape. Nisimwambie Fundi. Hivyo ndivyo anavyomwita mumewe, Fundi.

Nikaapa. Na mimi mwenye mdomo mpana kiasi hiki, nikatunza. Muulize yeyote anayenijua kama hilo si muujiza.

Zipu hazikumpa shida, maana zipu alikuwa akizisikiliza tangu zamani. Nzi ndio walianza kumtoka mikononi. Mwaka ule ninaousimulia, siku za kabla ya safari, nilikuwa nakwenda kwake kila asubuhi kumsaidia kwa siri, shemeji akishatoka. Meza ilisogezwa dirishani. Kazi yangu ilikuwa kutenga manyoya kwa rangi: ya zeituni hapa, kijivu pale, kahawia ya kutu upande huu. Kinyozi na nesi walishakuja kuulizwa maswali yao kama kawaida, wakajibu, wakanywa chai, wakaondoka upesi kidogo. Sikulitilia maanani.

Alifunga akiwa amegeuza uso pembeni, kama anayemkwepa mdudu, ili amwone kwa ukingo wa jicho. Uzi ulimponyoka, akauanza tena. Kichwa cha nzi kilitoka kikubwa kama harage. Mkia ukaenda kushoto, mbawa zikaenda kwa jirani. Mmoja alifanana na mende aliyekaliwa, na nilimwambia hivyo hivyo. Akacheka, akasema trauti hachagui mchumba. Nikamwambia huyu wa pili ana makengeza. Akacheka tena. Hapo ndipo nilipoona hasara ya kuwa mtu wa mizaha: ukisema kweli, watu wanasubiri umalize.

Nikaacha kucheka. Nikamwambia taratibu kwamba wachache ni wazuri na wengi si wazuri.

Mikono yake ikasimama. "Wakinikataa nzi," akasema, "nitakwenda na nini huko mtoni?"

Alishika ndoana nyingine, akaibana kwenye jiriwa kwa kupapasa. Mwaka uliopita, akaniambia, nao aliwafunga kwa shida, na bado walimletea yule mkubwa wa chini ya daraja lililovunjika. Kumbe mikono ina macho yake. Na kweli, mwaka uliopita sahani ilirudi imejaa nzi waliolowa na kuchakaa, na yeye, aliyekuwa bado anaona kivulivuli, aliwasoma wote. Nilikuwepo. Basi nikajiambia pengine mimi ndiye sijui kitu, jambo ambalo huwa silisemi kwa urahisi.

Wakaenda. Wakarudi Jumapili alasiri, wananuka moshi, na sanduku la barafu limejaa. Sijawaona wakipata samaki wengi kiasi kile hata nilipokuwa mimi mwenyewe nawafundisha. Kinyozi aliwasifu nzi tangu mlangoni. Aliwasifu mno, kama muuza nguo anayejua pindo limefumuka. Nesi alikwenda moja kwa moja kukaa, hana sauti. Shemeji akaileta sahani ya bati, akaiweka mbele ya mkewe, na nzi walikuwa wamelowa, wamejikunja vizuri, wakubwa kwa wadogo.

Mdogo wangu hakuwatazama. Hilo lilikuwa geni kwa wenzangu, kwangu si geni. Mwaka ule kutazama kulikuwa hakumsaidii tena. Akafumba macho kabisa na kumchukua wa kwanza kwa vidole, akamzungusha, akampitisha kwenye mdomo wa chini, mahali anapopimia uzi. Akamweka. Akamchukua wa pili. Nilikuwa nimekaa ubavuni mwake, nikaona kidole gumba kikirudi palepale, upande wa tumbo, kinatafuta.

Kisha akaanza kusoma. Kwa sauti yake ileile. Akamwambia kinyozi kwamba huyu amepigwa mara mbili na mara ya pili alivuta mapema. Akamwambia nesi kwamba huyu amemleta mama mzima, mwenye mgongo mpana, na amepigana kuelekea kwenye mawe. Nesi alikuwa anatazama sakafu. "Ndiyo," alisema nesi. "Kwenye mawe." Akaendelea hivyo mpaka sahani ikaisha, kila nzi na samaki wake, na alisoma vizuri kuliko mwaka wowote.

Mimi nilikuwa nimemchukua mmoja mkononi, kwa sababu macho yangu hayana tatizo. Uzi wa tumboni ulikuwa mzima, haujaguswa. Juu, unyoya ulikuwa umepunguzwa, na ncha zote zimelingana sawasawa, kama nywele za mtu aliyetoka kukaa kwenye kiti cha kinyozi. Nikamtazama kinyozi. Kinyozi akamtazama shemeji yangu. Shemeji akainuka kwenda kuosha samaki.

Wageni hawakukaa. Mimi huwa siondoki mahali ambapo samaki hajapikwa, kwa hiyo nilikuwepo, mlangoni mwa jiko, na sahani mkononi, sijui pa kuiweka. Shemeji alikuwa kwenye sinki anapasua matumbo. Mkewe akasimama nyuma yake, karibu kabisa.

"Fundi," akasema. "Trauti wa mwaka huu wana mkasi mdomoni?"

Maji ya bomba yaliendelea kutiririka. Shemeji akayafunga. Hakujitetea kwanza; alisimama tu, kisu na magamba mikononi, jitu refu lile, kama siku ile ya zipu nzima.

"Tangu lini?" akamuuliza.

Alisema ni safari ya tatu sasa. Mwaka wa kwanza macho yalipoanza, walikwenda na nzi wake wakarudi karibu mikono mitupu, wakasingizia mvua. Njiani kinyozi alishauri kila mtu awe ananunua wake dukani, mambo yaishe. Shemeji akawasihi. Mwaka uliofuata akanunua yeye nzi wa wote, akawagawia kule kule kambini, na wale wa mkewe akawaweka kwenye mfuko wa jaketi. Siku ya kurudi aliwalowesha mtoni, akawasugua kwenye jiwe. Mwaka huu aliona kusugua hakutoshi, akaongeza mkasi. Aliyasema haya yote bila kupumzika, mtu ambaye sijawahi kumsikia akifikisha sentensi ya tatu.

"Yule wa chini ya daraja?"

"Nzi wa dukani, mama."

Mdogo wangu akashika ukingo wa sinki. "Nimemsimulia yule samaki kwa kila mtu aliyeniletea zipu," akasema. "Mwaka mzima."

Shemeji akaanza kusema jambo kuhusu macho, naye akamkata: kumbe na macho alijua. Alijua. Alijua tangu siku mkewe alipomshonea kifungo chekundu kwenye shati la kazi lenye vifungo vyeupe, akalivaa hivyohivyo kazini, akiwaambia watu ndio mtindo. Mkewe akamuuliza mbona hakusema. Yeye akamuuliza mbona wewe hukusema. Hapo mimi nikafahamu kwamba siri yangu niliyoitunza kama yai ilikuwa imeshaanguliwa zamani, kuku anatembea ndani ya nyumba na kila mtu anamruka.

"Kinyozi angeacha kuja," shemeji alisema mwishowe. "Nesi naye. Kila mtu angenunua wake, nani angekuja kukaa kwenye meza yako? Nilitaka watu waendelee kuja."

"Watu walikuja, Fundi. Meza ilijaa." Alisema polepole, kama anayemfundisha mtoto njia ya dukani. "Mimi ndiye sikuwepo."

Alimpita akaenda sebuleni. Mumewe hakumfuata; alibaki na magamba yake mikononi. Hakuna aliyekula samaki siku ile, na mimi sijawahi kukataa samaki.

Kesho yake nesi alikuja kibandani kuomba radhi, akalia kwa sauti iliyosikika hadi kwa muuza betri. Mdogo wangu akamfariji yeye. Kinyozi hakuja, alimtuma mtu kumwambia anaweza kunyolewa bure, yeye na ukoo wake, ujumbe uliotuacha tumeduwaa, maana Mama Zipu hajawahi kunyolewa. Nyumbani mdogo wangu akamwambia mumewe afungue jiriwa mezani. Mtu yule anafungua friji za mabucha zilizoota kutu ya miaka, lakini parafujo moja ile ilimshinda. Alishika bisibisi, akaizungusha nusu, akaiweka chini, akasema imekaza. Mkewe akaifungua mwenyewe kwa kupapasa. Kwenye ukingo wa meza pakabaki alama mbili za meno ya chuma, na tangu hapo anapofuta meza mkono wake hupita hapo kwa kasi.

Manyoya alinirudishia mimi, yote, kwenye mfuko. Nikamwambia jogoo mwenyewe alishakufa, nitamrudishia nani? Hakucheka. Nilichukua.

Mwaka ulipita. Kibandani zipu ziliendelea, vidole vikawa vyepesi zaidi, na watu walimsifu kwamba haonekani kama mtu asiyeona. Lakini ukikaa kungoja, unangoja kimya. Siku moja nilimkuta mteja wake wa zamani, mama mwenye maduka ya mabegi, akimchokoza amsimulie samaki kidogo, hata yule wa daraja, ni mtamu kila mara. Mdogo wangu alivuta zipu juu, akaivuta chini.

"Mimi huwa siendi huko," akamjibu.

Mvua zikaisha tena. Nesi na kinyozi walikuja nyumbani kupanga safari, wamebeba kasha la plastiki la nzi wa dukani waliopangwa kwa rangi kama dawa. Walikaa kwenye meza ileile kama watu waliokuja kutoa pole nyumba wasiyoijua. Nesi, moyo wake mwema, akalisukuma kasha lile mbele ya mdogo wangu, akamwomba angalau achague, maana yeye ndiye anayejua nani arushe nini. Mdogo wangu aligusa kifuniko, hakukifungua. "Hao sikuwazaa mimi, dada," akasema. "Siwezi kujua tabia zao." Akawaongezea chai. Akawauliza habari za watoto.

Nilidhani shemeji hatakwenda. Alikwenda, kwa sababu mkewe alimfungia mzigo mwenyewe na kuuweka nje ya mlango.

Siku ya kurudi nilikuwa pale kabla yao. Kinyozi na nesi walishukia kwao na samaki wao, na shemeji akaingia peke yake, sanduku la barafu halina kitu; alilibeba kwa kidole kimoja. Hakusalimia. Alivuta kiti akakaa mbele ya mkewe, uso umeungua kwa jua, akafungua zipu ya mfuko wa jaketi, akautafuta mkono wa mkewe, akaweka kitu kiganjani.

Alikuwa nzi. Mmoja wa wale wa mwaka jana, aliyenusurika na mkasi, mwenye kichwa cha harage na mkia wa kushoto. Nilimtambua, mimi ndiye niliyemwita makengeza.

Mdogo wangu akamzungusha kwa vidole. Akampeleka mdomoni. Akatafuta tumboni, uzi kwa uzi, bila haraka, na shemeji alikuwa anamtazama kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu aliyoiandika mwenyewe.

"Hajaguswa," akasema.

"Hajaguswa," shemeji akasema. "Nimemrusha huyu tu. Siku zote. Sikuwa na mwingine."

"Hata mmoja hakumfuata?"

"Mmoja alikuja kumtazama. Akageuka."

Nilijiandaa kusema neno, maana pale palihitaji neno, na ndiyo kazi niliyopewa duniani. Mdogo wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Haoni uso wa mtu, lakini mguu wangu aliupata bila kupapasa.

Machozi yalikuwa yanamshuka, hakuyafuta. Akakifunga kiganja juu ya nzi yule. "Mwakani nenda na wa dukani," akamwambia mumewe. "Vua samaki. Halafu uniambie ni wa dukani."

Shemeji akaitikia kwa kichwa, kisha akakumbuka, akasema ndiyo kwa sauti.

"Huyo aliyegeuka," mdogo wangu akauliza, "maji yalikuwaje?"

Shemeji akaanza kusimulia. Alisimulia vibaya sana. Alianza katikati, akasahau kusema alikuwa amesimama ng'ambo ipi, akarudi nyuma kueleza jiwe, akalipoteza lile jiwe, akasema maji yalikuwa na rangi ya chai halafu akasema hapana, ya chupa, chupa ya kijani, ila si kijani hasa. Mimi ningemalizia kwa pumzi moja, na samaki ningemfanya ageuke kwa madaha. Nilikaa na mguu wangu chini ya mguu wa mdogo wangu, nikamwacha shemeji ahangaike. Mkewe alikuwa amefumba macho. Kila shemeji alipokwama alimngoja, na mara mbili alimuuliza jiwe lilikuwa upande gani, naye akaanza upya kulitafuta.